Tathmini yangu: kozi ya wiki 6 ya kulinganisha vitu, kutoka Kiingereza kwenda Kipolandi

Habari zenu wapendwa. Wiki mbili zilizopita nimemaliza kozi fupi ya Kipolandi hapa Kraków, kozi ya kitu kimoja tu, kulinganisha. Yaani kubwa kuliko, bora kuliko, sawa na, mara mbili ya, kadiri inavyozidi ndivyo, basi, Jumamosi 6 masaa mawili mawili hakuna kingine. Watu nikiwaambia wanashangaa wananiuliza hivi kweli umetoa hela kujifunza kusema "kuliko"? Ndiyo nimetoa, złoty 540, na ningetoa tena, na ntawaeleza taratibu kwanini maana hii kitu imeniokoa kazini.

Mimi ni mtu wa Usa River, Arusha, huu mwaka wa 3 niko Polandi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Sisi wa kule tumekua karibu na Tengeru ambako wakati wa vita kuu ya pili waliletwa wakimbizi wa Kipolandi kama 5,000 hivi, makaburi yao yapo mpaka leo, kwa hiyo hata kabla sijaja huku majina yenye "ski" mwishoni nilishayaona yamechongwa kwenye mawe. Ila lugha yenyewe nilikuja kukutana nayo huku.

Sasa kazi ya kuhudumia wazee ukiiangalia vizuri ni kulinganisha mwanzo mwisho. Mwisho wa zamu unamkabidhi anayeingia, unasema huyu bibi leo yukoje kuliko jana, amekula zaidi au pungufu, maumivu yameongezeka au yamepoa, presha iko juu kuliko asubuhi. Hakuna sentensi hata moja isiyo na "kuliko" ndani yake. Na mimi kichwani nilikuwa na safari ndefu, nawaza Kiswahili, nageuza Kiingereza, halafu kile Kiingereza ndo nakigeuza Kipolandi neno kwa neno, na huko njiani vitu vilikuwa vinadondoka.

Kuna siku nilitaka kuripoti kwamba bibi mmoja amekunywa maji pungufu ya jana kwa glasi 2. Kiingereza nilikuwa nacho vizuri tu kichwani, "two glasses less", nikakigeuza nikasema "wypiła mniej, dwie szklanki", yaani kanywa pungufu, glasi mbili. Nesi akaandika kwamba bibi kanywa glasi 2 tu kutwa nzima, na kwa mzee wa miaka 80 na kitu hiyo ni hatari, wakaanza kukimbizana usiku mpaka walipoangalia karatasi ya mezani wakakuta kanywa 6. Nilichotakiwa kusema ni "o dwie szklanki mniej niż wczoraj", na kale ka "o" kadogo kwa mbele ndo kanabeba maana yote, ndo kanasema tofauti ni glasi 2. Sikulala vizuri siku ile. Kesho yake nikaanza kutafuta mtu wa kunifundisha hiki kitu peke yake, sio Kipolandi chote, hiki tu.

Shule yenyewe sitaitaja jina, ni ndogo, vyumba viwili ghorofa ya pili, darasa letu tulikuwa 12 na kwa kile chumba 12 ni wengi, aliyekaa mwisho alikuwa anasoma ubao kwa kunyanyuka. Tangazo lao lilisema wazi kozi inafundishwa kwa Kiingereza na lazima uwe umeshafika angalau A2 ya Kipolandi, yaani ngazi ya pili kutoka chini ya kujua lugha. Wenzangu walikuwa Wahindi wa kampuni za kompyuta, nesi mmoja wa Zimbabwe, Wanaijeria wawili wanafunzi, na kaka mmoja wa Lubumbashi ambaye tulisalimiana kwa Kiswahili siku ya kwanza na tukakaa dawati moja mpaka mwisho.

Njia yao ya kufundisha ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Mwalimu anaandika sentensi moja ya Kiingereza ubaoni, kila mtu anaigeuza Kipolandi kimya kimya, halafu anapita anasoma kila daftari na hakwambii umekosea, anakuuliza "hili neno umelitoa wapi?" na wewe unajieleza mpaka unafika pale ulipopotea mwenyewe. Ni mama mtu mzima, mtulivu, na anachoka pamoja na wewe, hakurushi. Sentensi 5 tu kwa kipindi. Mwanzoni niliona chache nikahisi naibiwa, baadae nikaona kwamba hizo 5 sijazisahau hata moja.

Somo la kwanza ni maneno yenyewe jinsi yanavyobadilika. Kiingereza kina mambo yake ya neno fupi linaongezwa mkia na neno refu linawekewa "more" mbele, na sisi wote tuliosomea Kiingereza tunaingia Kipolandi na hiyo sheria mfukoni. Sasa Kipolandi hakiangalii urefu kama kile. "Nowy", mpya, inakuwa "nowszy", "ładny", nzuri kwa macho, inakuwa "ładniejszy", na "niebezpieczny", ya hatari, ambalo ni neno refu kweli kweli linachukua mkia vizuri tu, "niebezpieczniejszy". Halafu "chory", mgonjwa, kaneno kafupi hako, hakachukui mkia, unasema "bardziej chory". Na "zmęczony", aliyechoka, nalo ni "bardziej zmęczony". Alafu kuna yale yanayobadilika mwili mzima: dobry, lepszy (nzuri), zły, gorszy (mbaya), duży, większy (kubwa), mały, mniejszy (ndogo). Hayo manne ni ya kukariri tu hakuna ujanja, na hata Kiingereza "good" na "better" hayafanani kwahiyo hapo watu hawakulalamika.

Ila hapa ndo nina lalamiko langu kubwa na nalisema wazi. Karatasi ya kwanza wanayokupa, ile ya kwenda nayo nyumbani, imeandikwa juu kabisa kwa herufi nene kwamba "more" ni "bardziej". Hiyo siyo kweli yote na inaumiza. "More" ya Kiingereza ni maneno mawili ya Kipolandi. Ukiongelea wingi ni "więcej", bibi kala zaidi, "zjadła więcej". Ukiongelea kiwango cha hali ni "bardziej", panamuuma zaidi, "boli ją bardziej". Mtu akikariri ile karatasi ataenda kusema "zjadła bardziej" na Mpolandi atabaki anamtazama. Mwalimu mwenyewe alituambia wiki ya pili tuisahihishe kwa kalamu, sasa kama unajua ina kosa kwanini unaichapa tena? Nimewaandikia, wamejibu wataibadilisha.

Wiki ya tatu ndo ilikuwa "kuliko" yenyewe na hii ningelipia peke yake. Kiingereza kina "than", moja, inatosha. Kipolandi kina njia mbili. Kuna "niż" ambayo ni rahisi, haigusi neno linalofuata ukiwa unalinganisha mtu na mtu, "wyższa niż Tomek", mrefu kuliko Tomek. Na kuna "od" ambayo inavuta jina linalofuata libadilike, "wyższa od Tomka", na ukitaka kusema kuliko mimi unasema "ode mnie". Wapolandi mtaani wanatumia sana hiyo ya "od", kwahiyo huwezi kuikimbia hata kama "niż" ni nyepesi. Mpaka hapo sawa. Lakini mwalimu akaandika ubaoni "She feels worse than yesterday", mimi nikaandika haraka haraka "gorzej od wczoraj", nikijisifu moyoni kwamba nimetumia ile ngumu. Akaniuliza umetoa wapi, nikamwambia si umesema "od" ni kuliko. Akaniambia ukiweka "od" mbele ya jana, mtu anasikia "tangu jana". Gorzej niż wczoraj, hali mbaya kuliko jana. Gorzej od wczoraj, hali imekuwa mbaya tangu jana. Jamani. Mimi hiyo sentensi nimeisema kazini miezi na miezi! Nesi anayeingia akisikia tangu jana anafikiri kuna kitu kilianza jana, anaanza kutafuta ni nini, kumbe mimi nasema leo tu amechoka zaidi. Ukiwa duka la nguo hilo kosa halina shida, ila kwenye chumba cha mgonjwa ni habari mbili tofauti kabisa.

Na hapohapo nikagundua kitu ambacho hakuna mtu darasani alikuwa anakisema. Kiswahili kingenisaidia. Sisi tunatofautisha "kuliko jana" na "toka jana" bila hata kufikiri, kama ningetoka Kiswahili moja kwa moja nisingechanganya, kilichonichanganya ni kwamba nilikuwa nasoma orodha ya "than sawa na hivi na hivi". Toka siku ile nikaanza kuandika sentensi tatu daftarini, Kiingereza cha ubaoni, chini yake Kiswahili, chini yake Kipolandi, na kaka wa Lubumbashi akaanza kufanya hivyohivyo kwa Kiswahili chao, wao wanasema "mukubwa kupita" pale sisi tunaposema mkubwa kuliko, na ilikuwa raha sana kuona "kupita" yake na "kuliko" yangu zinagongana na "niż" ileile.

Niwape mifano ambapo Kiswahili kinafika mapema. Kiingereza kikitaka kusema kitu kinazidi kuongezeka kinarudia neno, "colder and colder". Ukitafsiri hivyo utasema "zimniej i zimniej", na hapo mwalimu anakupeleka kwenye neno moja wanalolitumia wao, "coraz", "coraz zimniej". Kwetu nasi hatuna haja ya kurudia, tunasema baridi inazidi, ile "inazidi" ndo "coraz" yao. Halafu ile ya "the more, the better", Kiingereza kinaweka "the" mbili ambazo hazieleweki zinafanya nini pale, wakati Kipolandi kina jozi yake "im" na "tym", im więcej, tym lepiej, na sisi tuna jozi yetu, kadiri na ndivyo. Jozi kwa jozi! Na umri pia, "starszy o dwa lata", wewe unaona kabisa ni kanizidi miaka miwili, tofauti inatajwa kama kitu kinachosimama peke yake. Ile "o" iliyonitesa na glasi za maji ndo "kwa" yetu ya pungufu kwa glasi mbili. Ningeliwaza Kiswahili usiku ule ningeitafuta, maana ningejua kuna "kwa" imebaki haijapata mwenzake.

Na ngeli, aah ngeli. Darasa zima lilikuwa linalia na hii kitu kwamba neno la kulinganisha linabadilika kufuata jina. Temperatura wyższa (joto), ciśnienie wyższe (presha), puls wyższy (mapigo ya moyo), yote ni "higher", na wengi Kiingereza kimewazoesha kwamba "higher" ni "higher" tu. Wakija kwenye wingi kuna ya watu wanaume au kundi lenye mwanaume ndani, "lepsi", "starsi", na ya wengine wote "lepsze", "starsze". Mimi na mwenzangu wa Lubumbashi tulikuwa tunaangaliana tu. Sisi tunasema mtoto mkubwa, kiti kikubwa, jiwe kubwa, miti mikubwa, tangu tunanyonya. Sisemi ni rahisi, mikia yenyewe bado unaikariri, ila ule mshtuko wa kwanini neno linabadilika hatukuwa nao kabisa.

Lakini pia nisiwadanganye, kuna sehemu Kiswahili hakikusaidii. Kwetu ukiacha ngeli, neno lenyewe halibadiliki kwa ajili ya kulinganisha, kubwa kuliko, ni lile lile kubwa, kwahiyo unasahau kabisa kuliongezea mkia na unasema "duży niż" na hiyo ni kosa ambalo sisi tunalifanya zaidi ya waliozaliwa na Kiingereza. Na kuna ile sentensi "He likes her more than me" ambayo mwalimu aliitumia karibu nusu saa. Kwa Kiingereza hujui, anampenda yeye kuliko anavyonipenda mimi, au anampenda kuliko mimi ninavyompenda. Kiswahili ukisema kwa kifupi nacho hakieleweki. Kipolandi kinakulazimisha uchague, "bardziej niż mnie" ni ile ya kwanza, "bardziej niż ja" ni ya pili, huwezi kujificha. Kwahiyo kabla hujatafsiri lazima ujue aliyesema alimaanisha nini, na mwalimu akasema kama hujui muulize. Nimeipenda sana hiyo, kwamba kutafsiri ni pamoja na kwenda kuuliza.

Kuna siku tulipewa kila mtu alete mifano ya kwao. Mimi nikaleta mlima. Rysy ndo kilele kirefu kuliko vyote Polandi, mita 2,499, na Kilimanjaro mita 5,895, kwahiyo "Kilimandżaro jest ponad dwa razy wyższe od Rysów". Hapa Kiingereza kinapenda kusema "twice as high as" na wengi wakaanza kutafuta "tak" na "jak", yaani zile "as" mbili kwa Kipolandi, kumbe Mpolandi kawaida yake anasema mara mbili mrefu zaidi, dwa razy wyższy. Mwenzangu akaleta ziwa Tanganyika, mtu akaniuliza na Victoria, tukapiga hesabu tukakuta Victoria ni kubwa zaidi ya mara 600 kuliko Śniardwy ambalo ndo ziwa lao kubwa, darasa likanyamaza kidogo. Kikawa kipindi kizuri kuliko vyote.

Na kuna hii ambayo naomba mnaofanya kazi na wazee muishike. Kipolandi "starszy" ni mzee zaidi, sawa, lakini "starsza pani" haimaanishi mama mzee kuliko mwingine. Ni heshima. Ni kama sisi tunavyosema mama mtu mzima. Mimi nilikuwa naona kwamba "stara" ni mzee na "starsza" ni mzee zaidi, kwahiyo ili nisimzeeshe mtu nilikuwa nachagua "stara pani", nikifikiri ndo ya upole. Ni kinyume kabisa, "stara" inakata. Hakuna bibi hata mmoja aliyenisema, walikuwa wananyamaza tu, na nilipojua nilienda kwa mmoja mmoja nikawaomba radhi kwa Kipolandi changu. Mmoja akanishika mkono akasema "nic nie szkodzi", haina shida.

Wiki ya mwisho ni misemo ya "kama" na methali, na hii waliiharibu. Wanakupa orodha ya misemo kama 40, Kiingereza huku Kipolandi kule, masaa mawili, kwaheri. Wakati hapa ndo pana utamu wenyewe! Kiingereza kinasema watu wamefanana kama njegere mbili, Kipolandi kinasema kama matone mawili ya maji, "jak dwie krople wody", sisi tunasema kama shilingi kwa ya pili. Kiingereza kipofu kama popo, Kipolandi kipofu kama fuko, "ślepy jak kret". Mwenye njaa kwao ni "głodny jak wilk", kama mbwa mwitu, mzima wa afya ni "zdrowy jak ryba", kama samaki. Na ile methali ya Kiingereza ya ndege mmoja mkononi na wawili kichakani, Kipolandi ni "lepszy wróbel w garści niż gołąb na dachu", bora shomoro kiganjani kuliko njiwa juu ya paa, na sisi tunayo yetu ya moja shika si kumi nenda uje. Kila moja ingetosha kuongelewa robo saa, ipi mzee anaitumia, ipi kijana akiisema ataonekana ametoka kitabuni. Hatukupata hiyo. Nilimuuliza mwalimu nje wakati anafunga koti akaniambia muda waliopangiwa ndo huo. Waongeze Jumamosi ya 7, hata kwa kulipia.

Lingine ni kwamba kaka wa Lubumbashi Kiingereza chake ni cha shida, amesomea Kifaransa, na alilipa bei ileile. Ndiyo tangazo lilisema Kiingereza, ila wakati wa kujiandikisha hakuna aliyempima, walipokea hela tu. Nilikuwa namtafsiria pembeni kwa Kiswahili na mwalimu aliruhusu, ila ingekuwa wewe uko peke yako sijui.

Kwa hiyo nyota 4 kati ya 5. Ukiwa chini ya A2 usiende, utaona majina yanabadilika mikia na hujui hata mikia yenyewe. Ukiwa unajiandaa na mtihani wa serikali wa B1, ngazi inayofuata baada ya A2, ule unaotakiwa kwenye makaratasi ya ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, nenda, maana kuna sehemu nzima ya sarufi mle ndani na kulinganisha hakukosi. Nenda na daftari lako lenye sentensi zako za kazini, ziwe 10 hivi, usisubiri za ubaoni, maana mwalimu anabaki dakika 15 baada ya kipindi na anasahihisha chochote unachompa bila kuongeza bei. Mimi nilimpelekea ripoti zangu za zamu, nikiwa nimefuta majina. Ya mwisho niliyompelekea ilikuwa na mistari mitatu, dziś spokojniejsza niż wczoraj, zjadła więcej, boli ją mniej, yaani leo katulia kuliko jana, kala zaidi, maumivu yamepungua, akaisoma mara mbili akanirudishia hajaweka alama ya kalamu popote.